Safari ya Mlimani Wakati wa Baridi

Mwanafunzi, bila shaka umepata kuona picha ya Mlima Kilimanjaro, au pengine unauona mlima wenyewe kila asubuhi uendapo shuleni. Kilele chake cha Kibo kina kimo cha meta 5,895 kutoka usawa wa bahari. Kipo karibu na Ikweta, na bado kina barafu. Sababu yake ni kwamba kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa inavyozidi kuwa baridi. Kwa wastani, joto hupungua kwa nyuzi 6 na nusu za sentigredi kila unapopanda meta 1,000. Watu wapandao Kibo huhofia baridi, hewa nyepesi isiyotosha kupumua, na mawe yanayoanguka kutoka majabalini. Theluji inayoanguka huko si nyingi kama ile ya nchi za kaskazini.

Katika nchi hizo za kaskazini, kama vile Uswisi, Norwe, Japani na Marekani, theluji ya miezi michache huweza kurundikana ikapita kimo cha nyumba. Theluji iliyorundikana juu ya mteremko mkali haitulii daima. Mara nyingine hukatika ghafla na kuteremka kwa kasi kubwa, ikibeba miti na watu. Jambo hilo huitwa poromoko la theluji. Hata hivyo watu wengi hupenda kupanda milima hiyo majira ya baridi na kulala huko katika mahema. Wengi wao hurudi nyumbani salama. Katika somo hili utajifunza namna wanavyoipanga safari yao, na kanuni za sayansi zinazowaongoza. Mlima tutakaoutumia ni Mlima Washington.

Mlima mfupi wenye hatari kubwa

Mlima Washington upo katika jimbo la New Hampshire, kaskazini mashariki ya Marekani. Kimo chake ni meta 1,917, yaani haufikii hata theluthi moja ya kimo cha Kibo. Mtu asiyeujua angeweza kuudharau. Lakini tangu mwaka 1849 watu zaidi ya 150 wamepoteza maisha yao juu ya mlima huo na milima inayopakana nao.

Adui wa kwanza ni upepo. Tangu mwaka 1932 kipo kituo cha kupimia hali ya hewa juu ya kilele chenyewe, na wapimaji hukaa humo usiku na mchana, kiangazi na majira ya baridi. Tarehe 12 Aprili 1934 walipima upepo wenye mwendo wa kilometa 372 kwa saa. Kwa miaka mingi haukupatikana popote duniani upepo mkali kuliko huo uliopimwa kwa chombo kilichowekwa ardhini, mpaka mwaka 1996 ulipopimwa upepo wa kilometa 408 kwa saa katika Kisiwa cha Barrow, Australia. Tarehe 4 Februari 2023 kipimajoto cha kilele cha Mlima Washington kilionyesha karibu nyuzi 44 za sentigredi chini ya sifuri. Maji huganda kwenye sifuri, linganisha mwenyewe.

Upepo na baridi vikikutana hudhuru kuliko kila kimoja peke yake. Mwili wako huipasha joto hewa kidogo iliyo karibu na ngozi, na hewa hiyo hukufunika kama shuka nyembamba. Upepo unapovuma huiondoa shuka hiyo, na mwili hulazimika kuipasha moto hewa nyingine tena na tena. Ndiyo sababu tunapuliza uji wa moto ili upoe upesi. Ikiwa hewa ina nyuzi 15 chini ya sifuri na upepo unavuma kilometa 70 kwa saa, ngozi isiyofunikwa hupoteza joto kana kwamba hewa ilikuwa imetulia yenye nyuzi 30 chini ya sifuri.

Safari huanza mezani

Mpandaji mwenye busara huipanga safari akiwa bado nyumbani, mbele yake zikiwa ramani, karatasi na kalamu. Swali lake la kwanza ni hili: je, mchana utanitosha?

Hapa kwetu mchana una saa 12 hivi mwaka mzima. Huko New Hampshire sivyo. Mwishoni mwa mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa 1:15 asubuhi na kutua karibu saa 10:10 jioni. Hesabu utaona kwamba mchana wote hauzidi saa 9. Mwaka 1892 Mskochi mmoja, William Naismith, alitunga kanuni ambayo watembeaji wa milimani wanaitumia hata leo. Kanuni yenyewe ni kuhesabu saa 1 kwa kila kilometa 5 za njia, kisha kuongeza saa 1 kwa kila meta 600 za kupanda. Katika theluji mwendo huwa mgumu, na muda huo huongezeka sana, pengine mara mbili.

Njia ya Mlima Washington itumiwayo na wengi huanzia mahali paitwapo Pinkham Notch, penye kimo cha meta 620 hivi. Kutoka hapo hadi kileleni ni karibu kilometa 7. Tufanye hesabu. Kilometa 7 zikigawanywa kwa 5 ni saa 1 na dakika 24. Meta 1,300 za kupanda zikigawanywa kwa 600 ni saa 2 na dakika 10. Jumla ni saa 3 na dakika 34. Kwa sababu ya theluji tuuzidishe muda huo mara mbili, tupate zaidi ya saa 7. Na hizo ni za kupanda tu! Ukiongeza saa za kushuka, giza litakukuta mlimani.

Ndiyo maana watu wengi huigawa safari katika siku mbili na kulala njiani. Mahali pamoja pa kulala ni Hermit Lake, kwenye kimo cha karibu meta 1,180, umbali wa kilometa 4 hivi kutoka Pinkham Notch. Hapo pana vibanda vya mbao vilivyo wazi upande mmoja, katikati ya miti. Siku ya kwanza hupanda hadi hapo, wakajenga kambi mchana. Siku ya pili huondoka alfajiri na mizigo myepesi, wakiwa wamebakiwa na kilometa 3 hivi na meta 740 za kupanda.

Jambo jingine huandikwa katika mpango, nalo ni saa ya kurudi. Wenzi hukubaliana kabla ya kuondoka, kwa mfano, kwamba ikifika saa 7 mchana watageuka popote walipo, hata kama kilele kinaonekana mbele yao. Kukubaliana jambo hili mezani ni rahisi. Kukubaliana huku kilele kipo umbali wa meta 200, na kila mtu amechoka na ana hamu, ni vigumu sana. Nakala ya mpango huachiwa mtu wa nyumbani, ili ajue waende kutafutwa wapi, na aanze kuhofu saa ngapi.

Kulinda joto la mwili

Joto la kawaida la mwili wako ni karibu nyuzi 37 za sentigredi. Likishuka chini ya nyuzi 35, mwili umeanza kushindwa. Kwanza mtu hutetemeka. Kisha vidole humsaliti, hawezi kufunga kamba ya kiatu. Maneno yake huwa mazito kama ya mlevi. Huanza kujikwaa na kufanya mambo yasiyo na maana. Hatari kubwa ni kwamba yeye mwenyewe hatambui, kwa kuwa hata ubongo umepoa. Hatuna budi basi kuchungulia wenzetu, si kujichungulia sisi tu.

Nguo haina joto lake yenyewe. Kazi yake ni kuzuia joto la mwili lisitoke, na huifanya kazi hiyo kwa kunasa hewa katikati ya nyuzi zake. Nguo tatu nyembamba zilizovaliwa pamoja hunasa hewa nyingi kuliko nguo moja nene, tena ni rahisi kuvua moja unapoanza kutoka jasho. Pengine unashangaa kusikia kwamba mtu wa barafuni anaogopa jasho. Fanya jaribio lifuatalo.

Jaribio la 1. Tafuta chupa mbili zinazofanana, vipande viwili vya kitambaa cha pamba vyenye ukubwa sawa, na kipimajoto. Mwombe mwalimu akutilie maji ya moto katika chupa zote mbili kwa kiasi kilicho sawa. Funga chupa moja kwa kitambaa kikavu. Loweka kitambaa cha pili katika maji ya kawaida, kikamue, halafu ufunge chupa ya pili. Ziweke zote mahali penye upepo. Pima joto la maji kila baada ya dakika 5 na uandike katika jedwali. Ni chupa ipi iliyopoa upesi?

Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto kutoka katika kitu yaliyopo juu yake. Shati la pamba lililolowa jasho huupoza mwili kama kitambaa kile kilivyoipoza chupa. Kwa hiyo mpandaji huvaa sufu, ambayo hata ikilowa bado hunasa hewa kiasi, na hutembea polepole ili asitoke jasho. Katika mfuko wake huwa na soksi na glavu kavu za akiba.

Mahali pa kulala

Usifikiri kwamba kambi huwekwa popote palipo tambarare. Mtafutaji wa kambi hutazama juu kwanza. Je, juu ya mahali hapa pana mteremko mkali wenye theluji? Poromoko likishashika mwendo huweza kwenda mbali hata kwenye ardhi tambarare, likamkuta mtu ndani ya hema lake. Miti ni mashahidi wazuri. Ukiona katika msitu ukanda mrefu usio na miti, au miti iliyovunjika matawi upande wa juu wa mlima tu, jua kwamba theluji imepita hapo, nayo yaweza kupita tena. Mti mkavu ulioinama juu ya hema nao si jirani mwema.

Aliyelala juu ya theluji hupoteza joto jingi kupitia chini, kwani theluji iliyogandamizwa na uzito wake hulinyonya joto lake usiku kucha. Hata mfuko mzuri wa kulalia haufai kitu bila mkeka mnene chini yake.

Maji ya kunywa hupatikana kwa kuyeyusha theluji juu ya jiko. Theluji mpya ni nyepesi kwa kuwa sehemu kubwa yake ni hewa: ndoo moja ya lita 10 hutoa maji ya lita 1 hivi. Kuila theluji yenyewe si jambo la busara, maana mwili ndio utakaolazimika kuiyeyusha kwa joto lake. Na jiko lisiwashwe ndani ya hema lililofungwa. Moto usiopata hewa ya kutosha hutoa kabonimonoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Jambo hili halihusu Marekani peke yake. Mtu wa Njombe au Lushoto aingizaye jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi na kufunga madirisha anaikaribisha hewa hiyo hiyo, na huenda asiamke.

Theluji huporomokaje?

Tumefika katika sehemu iliyo ngumu zaidi ya somo letu. Isome polepole.

Theluji haianguki yote siku moja. Huanguka leo, ikatulia, jua likaichoma kidogo, usiku ikaganda. Kisha huanguka nyingine juu yake. Kwa hiyo theluji ya mlimani ina matabaka, kama vitabu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Matabaka mengine yameshikamana vizuri. Mengine hayakushikamana. Pengine usiku mkavu wenye anga wazi huacha sakitu juu ya theluji, na sakitu hiyo ikifunikwa na theluji mpya hubaki katikati kama tabaka dhaifu. Pengine fuwele za theluji zilizo chini hubadilika umbo, zikawa punje kubwa zisizoshikana, mfano wa sukari. Mtu anayetembea juu haoni chochote. Yeye anaona theluji nyeupe, nzuri, imetulia.

Jaribio la 2. Chukua ubao laini, vitabu viwili vyenye majalada yanayofanana, na punje za uwele au ulezi. Weka kitabu kimoja juu ya ubao na ukifunge kwa uzi kisiteleze. Weka cha pili juu yake. Inua upande mmoja wa ubao polepole mpaka kitabu cha juu kianze kuteleza, na mwenzako apime pembe ya ubao kwa kipimapembe. Sasa nyunyiza punje za uwele katikati ya vitabu hivyo na urudie. Kitabu kimeteleza kwa pembe ipi safari hii?

Umeona kwamba pembe imekuwa ndogo. Mara ya kwanza msuguano kati ya majalada ulikizuia kitabu kisivutwe chini na nguvu ya mvuto wa dunia. Punje ziliupunguza msuguano huo. Tabaka dhaifu lililofichika chini ya theluji hufanya kazi ya punje hizo. Tabaka la juu hubaki limening'inia kwa shida, likingoja uzito mdogo wa kuongezea. Uzito huo waweza kuwa theluji mpya iliyoanguka usiku. Waweza pia kuwa wa mtu mmoja. Katika maporomoko mengi yanayoua watu, aliyeliondoa poromoko mahali pake ni yule yule aliyefukiwa, au mwenzake waliyefuatana naye. Habari hii inatisha, lakini ukiifikiri vizuri ina faida pia: mtu akichagua njia nyingine, poromoko hilo huenda lisitokee juu yake kabisa.

Watu wengi husimulia kwamba ukipiga kelele mlimani theluji itaporomoka. Wapimaji hawakuona ushahidi wa jambo hilo. Sauti ya mtu ni dhaifu mno. Uzito wa miguu yake ndio wa kuogopwa.

Sasa tuutazame mteremko. Mteremko wenye pembe ndogo kuliko nyuzi 30 ni nadra kuanzisha poromoko la matabaka, kwa kuwa mvuto hautoshi kuushinda msuguano. Mteremko mkali mno, kama ukuta, haulimbikizi theluji nyingi. Hudondoka kidogo kidogo kila inapoanguka. Hatari kubwa ipo katikati, kati ya nyuzi 30 na 45. Bahati mbaya, hiyo ndiyo miteremko ipendwayo sana na watu wanaoteleza juu ya theluji kwa mbao.

Jaribio la 3. Funga uzi wenye kijiwe katikati ya upande ulionyooka wa kipimapembe. Kijiwe kitaning'inia kama timazi ya mwashi. Ukiushika upande ule sawasawa na ardhi tambarare, uzi utapita kwenye nyuzi 90. Sasa uelekeze upande huo sambamba na mteremko wa kilima kilicho karibu na shule, na usome mahali uzi unapopita. Tofauti kati ya namba hiyo na 90 ndiyo pembe ya mteremko. Uzi ukipita kwenye 55, mteremko una nyuzi 35. Wapandaji hubeba chombo kidogo kinachofanya kazi kwa namna hiyo hiyo.

Upande wa mashariki wa Mlima Washington lipo bonde liitwalo Tuckerman, lenye umbo la bakuli lililokatwa nusu. Lilichongwa na barafu ya zama za kale. Upepo wa huko mara nyingi huvuma kutoka magharibi. Huikumba theluji ya sehemu tambarare zilizo juu, ukaipeleka ng'ambo na kuimwaga ndani ya bonde hilo, kama vumbi linavyojikusanya nyuma ya ukuta. Kwa hiyo siku ambayo haikuanguka theluji hata kidogo, bonde la Tuckerman laweza kuwa linaongezewa mzigo saa baada ya saa. Msafiri asiyejua habari ya upepo hutazama anga la buluu, akasema, "Leo hali ni njema."

Taarifa ya asubuhi

Chini ya mlima huo kipo kituo kinachochunguza theluji. Majira ya baridi wataalamu wake hutoa taarifa kila asubuhi na kutaja kiwango cha hatari kwa namba, kuanzia 1 hadi 5. Namba 1 maana yake hatari ni ndogo. Namba 5 ni kubwa kupita kiasi. Ungedhani watu wengi hufa siku za namba 5. Sivyo. Siku hiyo karibu kila mtu hubaki nyumbani. Vifo vingi hutokea siku za namba 2 na namba 3, wakati hatari ipo lakini si wazi, na mtu hujiambia kwamba labda itapita mbali naye.

Taarifa huwaeleza wapandaji mahali pa kuogopa, na wao hubadili mpango. Badala ya kupita ndani ya bonde, hufuata mgongo wa mlima. Wakilazimika kuvuka mteremko wenye shaka, huvuka mmoja mmoja, wengine wakimtazama toka mahali salama. Nyayo za waliotangulia si uthibitisho. Uzito wa mtu wa kwanza huenda haukutosha, wa tano ukatosha.

Kila mmoja hubeba vitu vitatu. Cha kwanza ni chombo kidogo cha redio kifungwacho kifuani, ambacho hutoa ishara na pia huweza kuzipokea ishara za vyombo vya wenzake. Cha pili ni fimbo ndefu nyembamba inayokunjuka, ya kuchomea theluji na kugusa aliyefukiwa. Cha tatu ni beleshi. Theluji iliyoporomoka ikisimama huwa ngumu karibu kama saruji, na mikono mitupu haiwezi kuichimba. Aliyefukiwa huivuta tena hewa aliyoitoa mwenyewe, na kabonidayoksaidi huzidi kuongezeka mbele ya uso wake. Akifukuliwa ndani ya dakika 10, mara nyingi huwa hai. Baada ya nusu saa, walio wengi huwa wamekwisha kufa. Dakika hizo hazitoshi kwenda kuita msaada bondeni. Mwokozi ni mwenzako uliyefuatana naye, na akiwa hana beleshi, hana la kufanya.

Januari 1982

Tarehe 23 Januari 1982 vijana wawili walipanda ukuta wa barafu katika bonde la Huntington, jirani na Tuckerman. Mmoja aliitwa Hugh Herr, mwenye umri wa miaka 17, naye alikuwa mpandaji hodari kuliko watu wazima wengi. Waliacha chini mfuko wa kulalia ili mzigo uwe mwepesi. Walipomaliza ukuta, dhoruba ilikuwa imeanza, lakini waliendelea kidogo kuelekea kileleni. Theluji iliyopeperushwa na upepo iliwaziba macho. Walipogeuka kushuka, walishukia upande usio wao wa mlima, katika bonde jingine lisilo na watu. Huko barafu ya kijito ilikatika chini ya Herr, viatu vyake vikaingia maji. Sasa unajua, kwa jaribio la chupa, maana ya viatu vilivyolowa.

Waokoaji wa kujitolea walikwenda kuwatafuta. Tarehe 25 Januari mmoja wao, Albert Dow, mwenye umri wa miaka 28, alichukuliwa na poromoko la theluji karibu na njia ya Lion Head, akafa. Vijana wale walikutwa kesho yake, wakiwa hai baada ya usiku tatu, na mwanamke aliyekuwa akitembea huko kwa viatu vipana vya thelujini na kuziona nyayo zao. Miguu yote miwili ya Herr ilikuwa imegandishwa vibaya, na madaktari walilazimika kuikata chini ya magoti. Mwenzake naye alipoteza mguu mmoja na vidole. Baadaye Herr alisoma uhandisi, akawa mtaalamu mashuhuri wa kutengeneza miguu ya bandia katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts. Albert Dow hakuwa amewahi kuwaona vijana wale.

Kazi ya kufanya

1. Asubuhi moja kipimajoto cha Pinkham Notch, penye meta 620, kinaonyesha nyuzi 6 chini ya sifuri. Kadiria joto la kilele, penye meta 1,917. Je, kipimajoto peke yake kinatosha kukueleza jinsi ngozi yako itakavyodhurika huko juu? Eleza.

2. Tumia kanuni ya Naismith kutafuta muda wa kutoka Hermit Lake hadi kileleni, ukizidisha mara mbili kwa ajili ya theluji. Ikiwa wapandaji wataondoka saa 1:30 asubuhi, watafika saa ngapi? Wakijiwekea saa 7 mchana kuwa saa ya kurudi, watabakiwa na akiba ya muda gani?

3. Pamoja na mwalimu, pima pembe za miteremko mitatu iliyo karibu na shule. Kama theluji ingeanguka hapo, ungeogopa kuvuka mteremko upi zaidi? Mahema ungeyaweka wapi? Chora ramani ndogo kuonyesha.

4. Marafiki watatu wamelala Hermit Lake. Usiku imeanguka theluji ya sentimeta 40, na upepo mkali umevuma kutoka magharibi. Alfajiri anga ni safi. Taarifa ya asubuhi inataja namba 4. Wa kwanza anasema wapite ndani ya bonde la Tuckerman, kwa kuwa jana alasiri aliona watu wakipita hapo salama. Wa pili anasema likizo yake inakwisha leo. Wa tatu amenyamaza, na beleshi lao ni moja. Wewe ndiwe wa nne. Andika utakayowaambia, ukitoa sababu zisizopungua nne kutoka katika somo hili.